Binti wa Mangi, si wa Mangi wa dukani: jinsi ninavyotunga simulizi ya mapenzi na ndoa ya utawala

Simulizi yangu ya kwanza ya binti mfalme ilifia sehemu ya nne. Ilikuwa na kasri la nguzo za dhahabu, malkia mwenye taji, mwana wa mfalme jirani mwenye sura mbaya na roho mbaya zaidi, na kijana maskini mchunga farasi. Farasi! Mimi nimezaliwa Uru, farasi nimemwona kwenye kalenda. Nauza mashuka na mapazia ya mitumba hapa soko la Memorial, Moshi mjini. Mchana wateja wakipungua naandika kwenye simu, jioni natuma kwenye kundi la WhatsApp. Watu arobaini walikuwa wananitumia buku kila wiki. Hadi sehemu ya nne walibaki kumi na mmoja.

Mmoja wa waliobaki ni mama ninayepakana naye meza. Siku hiyo nilikuwa nimefungua robota, nachambua, akanisogelea na simu yake mkononi akaniuliza, "Dada, hivi huyo binti ana shida gani? Si aondoke tu na kijana wake?"

Nilimjibu jeuri, lakini usiku sikulala. Alikuwa na haki. Mchumba ni zimwi, baba ni katili, kijana ni malaika: hapo kuna la kuchagua? Nikaifuta yote nikaanza upya, na ninachoandika hapa ni nilivyofanya mara ya pili, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiomba nimfundishe, na mimi nina meza ya kuhudumia.

Anza na posa, mapenzi yatakuja yenyewe

Wengi huanza na wapenzi: walivyokutana kisimani, walivyotazamana. Hilo ni jambo rahisi, unaweza kuliandika hata ukiwa umesimama kwenye daladala. Kaa kwanza na daftari ujibu swali moja: mzee akimtoa binti huyu, nchi inapata nini? Usiandike "amani" halafu ukapita. Amani ya nani, imevunjwa na nini, na nani analala njaa ikikosekana?

Mimi nilichungulia historia ya kwetu Uchagani. Uru iko katikati, Kibosho upande wa magharibi, Old Moshi mashariki. Miaka ya 1880 Kibosho ilikuwa chini ya mtawala wake, Mangi Sina, na Old Moshi chini ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na hao wawili walikuwa paka na panya. Mwaka 1885 Rindi aliwekeana mkataba na Wajerumani. Mwaka 1891 Wajerumani walipoishambulia Kibosho, askari wa Rindi walikuwemo. Meli, mwana wa Rindi, akaja kuwapiga Wajerumani hao hao mwaka 1892, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga yeye na viongozi wenzake. Mti aliotundikwa watu huenda kuutazama Old Moshi mpaka leo. Nilikwenda na mimi, nikakaa chini yake nikila ndizi, nikawaza: mangi mkubwa anatafuta rafiki mwenye bunduki, je, mangi mdogo aliyebanwa katikati ya wakubwa wawili, asiye na bunduki wala wa kuwekeana naye mkataba, ana nini cha kutoa? Ana binti.

Hapo ndipo posa ikaanza kuwa nzito. Mkataba na posa ni biashara moja, tofauti ni kwamba mkataba haulii usiku.

Lakini bado nilitaka kitu ambacho msomaji atakishika. Nikachagua maji. Kwetu mlimani maji huletwa na mifereji iliyochimbwa na ukoo kutoka juu kwenye mito, ikashuka kihamba hadi kihamba, yaani shamba la migomba la kila familia, kila mtu na zamu yake. Ukiwa chini, uhai wako uko mkononi mwa aliye juu. Basi katika simulizi yangu mangi wa juu amefunga mfereji, yanayopita ni maji kidogo tu. Miaka miwili ulezi haujatoka vizuri kwa watu wa chini. Anamwambia mangi wa chini: nipe binti yako Manka, nitafungua.

Sasa muulize msomaji wako kama binti aondoke tu na kijana wake.

Nchi yako itunge, lakini iwe ya huku

Sina na Rindi niliwasoma ili nielewe, sikuwaingiza kwenye simulizi. Nchi yangu haiko kwenye ramani, ina mto mmoja na miamba miwili na mangi ambaye hajawahi kuwepo. Nilijifunza hilo kwa aibu. Kwenye jaribio moja la zamani nilitumia jina la ukoo unaojulikana, nikampa mzee wao tabia ya uchoyo. Wiki hiyohiyo mteja akaja mezani, akashika pazia kama anataka kununua, kumbe anataka kujua kwa nini nimemtukana babu yake. Umangi ulifutwa kisheria mwaka 1963 lakini wajukuu wapo, tunasali nao, tuko nao kwenye vikoba. Tunga jina.

Na majina ya watu yakague. Binti wa mwaka 1885 huwezi kumwita Aikaeli, hizo "Eli" zilikuja na Biblia. Mimi nilimwita Manka. Najua, kila Mchaga wa kike kwenye vichekesho anaitwa Manka na anapenda hela. Nilitaka nilikomboe jina. Kijana sikumpa jina kabisa. Anatoka ukoo unaotunza mfereji, watu wanamwita wa-mferejini, na hadi mwisho hakuna anayejua mama yake alimwitaje. Wasomaji walinisumbua kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote, nami nikagundua kwamba kunyimwa jina kulikuwa kunawavuta.

Kuna jambo dogo la kuchekesha ambalo lazima ulishughulikie mapema ukiwa na wasomaji wa Dar. Nilipotuma sehemu ya kwanza, binti mmoja wa Mbagala aliandika: "Baba yake ana duka kubwa kiasi gani?" Kwao mangi ni muuza duka wa mtaani, yule wa unga na sukari ya kupima. Weka mstari mmoja pale mwanzo: boma lake, baraza la wazee wake, vijana wenye mikuki getini. Usieleze kama mwalimu wa darasa. Mwonyeshe tu mzee akiingia watu wakasimama, wakasema "aika mbe", basi, imeeleweka.

Kasri usijenge. Nyumba ya asili ya huku ni msonge ulioezekwa majani hadi chini, ng'ombe ndani, moshi juu, na joto ambalo mtoto wa mjini halijui. Binti wa mangi naye ananuka moshi. Hilo halimpunguzii heshima hata kidogo.

Mchumba wa siasa awe mtu

Hapa nitakuwa mkali. Ukimfanya mchumba huyo mzee, mlevi, mpiga wake, umekula njama na msomaji mvivu. Wangu ana miaka thelathini na kidogo, ana wake wawili tayari, hodari wa vita, anazungumza polepole. Siku ya kwanza anamletea Manka asali kwenye kibuyu, na badala ya kumsifia uzuri anamuuliza, "Mama yako analima nini?" Manka anachukia jinsi swali hilo lilivyo zuri.

Yule mama wa meza ya jirani alifika hapo akaacha kuuza. Akasema, "Huyu mbona simchukii?" Nikajua nimeanza kupata.

Mapenzi nayo yadaiwe

Ndoa ina bei, sawa. Kosa lililobaki kwa watunzi wengi ni kuyaacha mapenzi yawe ya bure, kana kwamba watu wawili wakipendana hakuna anayeumia. Tafuta mtu wa tatu anayelipa. Akiwa mdogo na mnyonge ndiyo vizuri zaidi.

Nitawawekea kipande, ili muone ninachosema:

*Usiku ule haukuwa wa zamu yao. Manka alikuwa amelala upande wa ng'ombe, akasikia kwanza vyura wamenyamaza, halafu sauti ndogo kama ya mtu anayekunywa mtori wa moto. Maji. Yalikuwa yanaingia kwenye migomba ya mama yake taratibu, yakitafuta njia chini ya majani makavu. Akatoka nje. Mtu hakumwona. Aliona kipande cha shina la mgomba kilichozibia mfereji kimesogezwa kando, na tope bichi lenye alama ya vidole vinne. Cha tano wa-mferejini alikikata kwa panga akiwa mtoto. Manka akaweka vidole vyake vinne kwenye alama zile, akakunja kidole gumba ndani ya kiganja, akasimama hivyo mpaka miguu ikaanza kuganda.*

Ni barua ya mapenzi ile. Kijana hana asali wala ng'ombe, ana maji ya zamu anayoyasimamia, basi anayaiba kidogo na kumtumia. Wasomaji wakaandika mioyo mia moja. Nikawaacha wafurahi siku mbili. Sehemu iliyofuata inaanza asubuhi kwa mjane wa chini, ambaye zamu ilikuwa yake: anachimba udongo kwa kidole, anakuta vumbi, anarudia sehemu nyingine, vumbi. Ulezi wake una majani yaliyojikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Mioyo ilikoma. Mtu mmoja akaandika neno moja tu: "Jamani."

Tazama ulichopata. Akiolewa, moyo wake unakauka; akiendelea kupenda, ulezi wa mjane unakauka. Huhitaji tena baba katili. Baba wa kwenye simulizi yangu hajampiga Manka hata kofi. Anakaa tu jioni kwenye jiwe lake akitazama mfereji unaokauka, na kukaa kwake kunamsumbua binti kuliko fimbo.

Waibie waliowahi kupita njia hiyo

Wabunifu tunaiba, tusidanganyane. Lakini iba kwa watu wa kweli, kwa sababu maisha yao yana kona ambazo wewe na mimi tusingeziwaza.

Mfano ninaoupenda ni Mary, dada yake Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Alikuwa anampenda Charles Brandon, rafiki wa kaka yake. Mwaka 1514 akiwa na miaka 18 akaozwa kwa Louis wa Kumi na Mbili, mfalme wa Ufaransa, mwenye miaka 52, ili nchi mbili zipatane. Hakukimbia. Alimbana kaka yake: nitakwenda, ila huyu akifa, wa pili nachagua mwenyewe. Ndoa ilifungwa Oktoba. Louis akafa tarehe 1 Januari 1515. Brandon akatumwa kwenda kumrudisha nyumbani, wakaoana kimyakimya hukohuko Ufaransa. Henry akawaka, akawatoza faini kubwa, baadaye akawasamehe.

Kilichonishika hapo ni lile sharti. Watu wengi humwandika binti wa kifalme kama mzigo unaobebwa: analia, anafungiwa, anaokolewa. Mary alijua yeye ni bidhaa, akajadili bei yake. Nikamrudia Manka, nikampa mdomo. Mbele ya wazee anasema: "Maji yafike kabla mimi sijafika." Yaani mfereji ufunguliwe msimu mzima kwanza, ulezi uvunwe, ndipo ahame. Wazee wanacheka, kisha wanaacha kucheka. Kwa sentensi moja amejipatia miezi kadhaa na amewapa watu chakula. Mchumba naye akikubali, unaona shida inavyozidi? Amekuwa mwema tena.

Kwa upande wa binti aliyeondoka, sisi tunaye wetu. Bibi Salme wa Unguja, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alimpenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akashika mimba, na kaka yake Majid ndiye aliyekuwa Sultani. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akaolewa. Watunzi wengi wangeandika "mwisho" hapo, melini, upepo ukivuma. Lakini mwaka 1870 Ruete alikufa Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo kwenye baridi isiyo yake, na aliishi mpaka mwaka 1924. Miaka mitatu ya ndoa, zaidi ya hamsini ya baadaye. Ukitaka binti yako atoroke, mwandikie hiyo hamsini, angalau sehemu moja. Anapika nini huko? Anamsalimia nani kwa lugha yake? Mimi sikuthubutu kumtorosha Manka kwa sababu kila nilipofika Aden nilikuwa naiona ile tramu.

Yupo pia Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth, aliyetangaza tarehe 31 Oktoba 1955 kwamba hataolewa na Peter Townsend, kwa kuwa Townsend alikuwa ameachana na mkewe na kanisa halikuafiki. Wazee wanaokumbuka watakwambia hospitali ya Muhimbili iliwahi kuitwa Princess Margaret. Hadithi yake nzuri, lakini haina mtu wa tatu anayelala njaa, kwa hiyo sikuitumia.

Ukiamua simulizi iwe ya leo, kumbuka Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya wote wawili. Mtego wako itabidi uwe wa aina nyingine: deni la familia, ubunge, shamba. Inawezekana. Mimi napenda zamani kwa sababu Manka hana ofisi ya kukimbilia.

Saa ya pombe

Simulizi ya vipande inahitaji kitu kinachohesabu siku. Wengine huweka vita inakuja. Mimi niliweka mbege, pombe ya ndizi ya siku ya posa. Ndizi huivishwa, zikachemshwa, zikaachwa siku kadhaa, ndipo ukachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa. Ikishachanganywa haisubiri mtu. Ukichelewa inakuwa chachu na wageni wanaona umewadharau. Kwa hiyo siku mama yake Manka anapoweka ndizi za kuivisha, kila msomaji wa huku anajua zimebaki siku ngapi, bila mimi kuandika "zimebaki siku tisa". Kila sehemu naigusa kidogo: harufu imebadilika, povu limepanda, mtoto amechovya kidole akachapwa.

Na kumbuka, pombe hiyo inahitaji ulezi. Ulezi uliopatikana kwa maji ya mchumba. Na kuna kihamba kimoja cha mjane ambacho hakikutoa kitu.

Kilele cha simulizi nilikipeleka huko, na ndipo nilipotumia isale. Kwa asiye wa huku: ni mmea tunaoupanda mpakani, na mtu aliyekosa akikuletea jani lake kuomba msamaha, si desturi kumkatalia. Nilikuwa nimepanga Manka ampelekee baba yake isale ili amwombe asimwoze. Nikaandika, nikasoma, ikanichosha. Kila mtu angelitarajia. Nikafuta. Manka anakata isale usiku kabla ya posa, anashuka, anapita nyumba ya kijana bila kusimama, anapiga magoti mlangoni kwa mjane. Binti wa mangi, magotini, kwa mama asiye na mbuzi hata mmoja. Anasema: "Maji yako nilikunywa mimi."

Mjane anajua sasa. Anaweza kusema, na akisema kijana atauawa na posa itavunjika na mfereji utafungwa. Anaweza kunyamaza, na akinyamaza Manka ataolewa. Analishika jani, analigeuza upande wa pili kama anayetafuta maandishi.

Nikaandika "Itaendelea" nikazima simu.

Kuhusu urefu: maneno mia sita hadi mia nane kwa sehemu, kwani bando ni la shida na watu wanasoma wakiwa jikoni. Usimalizie kila sehemu kwa mtu kupigwa risasi. Na hela ichukue kabla, undugu hausaidii hapo.

Asubuhi niliwahi Memorial, nikaanza kutandaza mashuka. Mama wa meza ya jirani alikuwa amekaa juu ya robota lake ambalo hajalifungua, simu mapajani. Mteja alisimama mbele yake akiuliza bei ya taulo mara mbili. Hakumsikia. Akanitazama mimi.

"Sasa huyu mjane afanyeje?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Na kweli nilikuwa sijui. Yule mteja akaweka taulo chini, akavuta kigoda, akasema, "Mjane yupi?"